Umelipa deni halafu skoa ikashuka, usikimbilie kukopa tena

Kuna swali linazunguka sana hapa Tanga siku hizi, unalisikia kwa walimu, kwa manesi wa Bombo, kwa vijana wa bodaboda pale stendi ya Kange, mpaka kwa ndugu zetu walioko Marekani wakipiga simu nyumbani. Mtu kajibana, kalipa deni, pengine kalimaliza kabisa, halafu anaenda kuangalia skoa, ile namba yake ya mkopo ambayo wakopeshaji wanaiangalia kabla ya kukukopesha, anakuta imeshuka. Haijabaki palepale, imeshuka. Anabaki anajiuliza, sasa nilikuwa najinyima ya nini?

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane. Skoa kushuka wakati unalipa deni mara nyingi haimaanishi umekosea chochote, na kitu kibaya kuliko vyote unachoweza kufanya hapo ni kwenda kukopa tena eti uipandishe. Lakini pia kuna kushuka kwa aina nyingine kabisa, kule kunakotokana na mkopeshaji kutofanya kazi yake, na huko ndiko sisi wa huku tunakoumia zaidi, kwa hiyo lazima ujue hii yangu ni ipi kati ya hizo mbili, maana ya kwanza unaivumilia na ya pili unaidai.

Kwanza hii namba inapima nini. Watu wengi wanaichukulia kama cheti cha tabia njema, kwamba nikilipa napanda, nisipolipa nashuka, basi. Ingekuwa hivyo tusingekuwa na la kujadili. Ukweli ni kwamba hii namba ni makisio, kompyuta imepitia kumbukumbu za wakopaji wengi sana, ikaona watu wenye kumbukumbu za namna fulani huwa wanachelewesha marejesho na wenye kumbukumbu za namna nyingine hawacheleweshi, sasa inakuchukua wewe inakuweka kwenye kundi la wanaofanana na wewe na kukupa namba ya kundi hilo. Kumbukumbu zako zikibadilika, hata kwa jambo jema, unaweza ukahamishwa kundi na kujikuta unafananishwa na watu wengine kabisa. Shida uliyopata kulipa, ng'ombe uliyemuuza, safari ya Arusha uliyoahirisha, hakuna mahali vinaandikwa.

Tuanzie Marekani, kwa sababu kule hesabu yenyewe iko wazi kidogo na ndiko wengi wa ndugu zetu wanakokutana nayo kila siku. Skoa inayotumika sana kule ni FICO, ilianza kutumika kwa wakopaji wa kawaida mwaka 1989, inaanzia 300 mpaka 850. Wenyewe wametaja mafungu yake: historia ya malipo asilimia 35, kiasi unachodaiwa asilimia 30, umri wa historia yako ya mikopo asilimia 15, mikopo mipya asilimia 10 na mchanganyiko wa aina za mikopo asilimia 10. Yaangalie vizuri hayo mafungu. Kulipa kwa wakati kuna uzito mkubwa, sawa, na kupunguza deni kunasaidia, sawa, ila mafungu hayohayo yanaangalia pia mambo ambayo mtu anayelipa deni anaweza kuyavuruga bila kujua, wakati analipa.

Nina ndugu yangu mtoto wa Chumbageni, yuko Columbus, Ohio, amekuwa akipambana na kredit kadi zake. Alikuwa na kadi tatu. Ya kwanza limiti yake, yaani mwisho wa anachoruhusiwa kukopa, dola 4,000 anadaiwa 600, ya pili limiti 3,500 anadaiwa 1,400, ya tatu limiti 2,500 anadaiwa 1,000. Jumla ya limiti dola 10,000, jumla ya deni 3,000, yaani anatumia asilimia 30 ya alichopewa, na asilimia hiyo inaangaliwa kwenye lile fungu la kiasi unachodaiwa. Akapata mshiko wa ovataimu akaichukua ile ya dola 600 akaimaliza yote, na kwa kuwa aliichukia ile kadi akapiga simu benki akasema ifungeni kabisa sitaki kuiona. Sasa piga hesabu. Deni limebaki 2,400, limepungua, ila limiti nayo imebaki 6,000 kwa sababu ile ya 4,000 imeondoka na kadi yake. 2,400 kwenye 6,000 ni asilimia 40. Mtu kapunguza deni kwa dola 600 halafu kwenye macho ya mfumo kaonekana kazidi kujibana, ametoka asilimia 30 kwenda 40, na skoa ikashuka. Akanipigia, "Kaka, hawa watu wananiadhibu kwa kulipa?" Hapana, hakuna mtu aliyekaa akamwadhibu, ni kugawanya tu, juu kumepungua kidogo na chini kumepungua zaidi.

Wakati mwingine hata hujaifunga kadi wewe, benki yenyewe ndiyo inakupunguzia limiti. Unalipa, wao wanaona nafasi imeachia, wanaishusha limiti ifuate deni linakokwenda, halafu ile asilimia haishuki hata ukilipa vipi. Hili linaumiza kwa sababu mlipaji hana alichokifanya, na kama hafungui barua zake anaweza asijue kabisa kilichotokea.

Halafu kuna suala la tarehe, na hapa naomba uelewe hili hata kama mengine yote utayasahau. Mkopeshaji hapeleki taarifa zako kila unapolipa, kwa kawaida anapeleka mara moja kwa mwezi, na kwa kadi mara nyingi inakuwa salio la siku ile wanayofunga hesabu ya mwezi. Kwa hiyo skoa inasoma picha ya mnato iliyopigwa siku moja. Umelipa tarehe 20, picha ilipigwa tarehe 18, basi kwa mwezi huo wewe bado unadaiwa vilevile, na ikiwa tarehe 10 ulinunua matairi ya gari kwa kadi hiyohiyo picha inakuonyesha umezidi. Skoa mpya kama FICO 10T na VantageScore 4.0 zinajaribu kuangalia mwenendo wa miezi ya nyuma, kama deni linapanda au linateremka, na hilo ni jambo zuri, ila wakopeshaji wengi bado wanatumia zile za zamani.

Mikopo ya awamu nayo ina lake. Huyu ndugu yangu baadaye akamaliza mkopo wa gari, ukiwa ndio mkopo wake pekee wa kulipa kwa awamu zinazojulikana. Alitegemea kupanda, akashuka. Sababu ni kwamba mfumo unapenda kuona mkopo wa awamu ulio hai, uliobaki kidogo, unaolipwa vizuri, siku ukiisha unakuwa umefungwa na yule mtu anabaki na kadi peke yake. Kushuka huko huwa ni kwa pointi chache na kwa kawaida kunajirudi. Hata kadi, ukiziacha zote zisome sifuri kwa mpigo unaweza kupoteza pointi kidogo ukilinganisha na ukiacha moja isome kiasi kidogo tu, kwa sababu mfumo unaona kama hakuna anayetumia chochote. Sasa usichukue hili ukaanza kubakiza deni na kulipa riba kwa ajili ya pointi, ni upotevu wa hela. Tumia kidogo, ikishasomeka lipa yote kabla ya tarehe ya mwisho, riba hakuna.

Kuna na maneno mengi ya uongo hapo katikati. Utasikia ukifunga kadi ya zamani historia yako yote inafutika siku hiyohiyo, si kweli kwa FICO, akaunti iliyofungwa ikiwa safi inaweza kukaa kwenye ripoti ya kumbukumbu zako za mikopo mpaka miaka 10 na FICO inaendelea kuhesabu umri wake. Utasikia mkopeshaji kuulizia ripoti yako unapoomba mkopo kunakuua, ukweli ni kwamba kwa watu wengi ombi moja la mkopo linapunguza pungufu ya pointi tano, linakaa kwenye ripoti miaka miwili lakini FICO inaliangalia kwa miezi 12 tu. Na utasikia mtu kashuka pointi 30 usiku mmoja, kumbe juzi aliangalia VantageScore kwenye aplikesheni ya bure na leo benki imemwonyesha FICO, hizo ni hesabu mbili tofauti, na pengine hata ripoti zilitoka kampuni tofauti kati ya zile tatu zinazotunza taarifa za wakopaji, Equifax, Experian na TransUnion, ambazo si lazima ziwe na taarifa zinazolingana. Ukitaka kulinganisha, linganisha kitu kilekile, kutoka palepale.

Hayo ya Marekani nimeyaeleza kwa kirefu kwa makusudi, kwa sababu yakishakukaa unaona kirahisi ya kwetu yanatofautiana wapi. Huku wengi wetu hatuna kredit kadi, kwa hiyo ile hesabu ya limiti ya kadi haituhusu sana. Tulichonacho ni mkopo wa mshahara, mkopo wa SACCOS, mkopo wa biashara wa kikundi au wa mtu mmoja, mikopo ya simu, na chini ya hapo vikoba na wale wa mtaani. Kisheria mambo yalianza kukaa sawa baada ya kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ikawa na kanzidata ya taarifa za wakopaji, na mwaka 2013 kampuni binafsi za Creditinfo na Dun & Bradstreet zikapewa leseni ya kutengeneza ripoti. Benki inapeleka taarifa zako, na unapoenda kuomba mkopo sehemu nyingine afisa mikopo anavuta ripoti anaona. Wengi hawajui kama hii kitu ipo mpaka siku wananyimwa mkopo.

Sasa huku kwetu mtu akiniambia nimemaliza deni skoa imeshuka, sianzi kufikiria mchanganyiko wa mikopo, nafikiria kwanza kwamba kuna mkopo haujafungwa.

Kuna mwalimu mmoja tunafahamiana, anakaa Makorora. Alikuwa na mkopo wa benki wa mshahara, akauza kiwanja chake Pongwe akaamua kuumaliza kwa mkupuo, apumue. Akaenda tawini, akaambiwa salio lako ni hili, akarudi baada ya siku chache akalipa kiasi kilekile alichoandikiwa, akapewa risiti, akashukuru Mungu. Miezi ikapita anaomba mkopo mdogo wa ada ya mtoto sehemu nyingine, akakataliwa, wakamwambia tu ripoti yako haijakaa vizuri. Tulipoipata ripoti tukaenda kuichapisha stationeri barabara ya kumi na mbili, tukasimama palepale kaunta tunaisoma. Mkopo wake ule ule upo. Hali ya mkopo: hai. Salio: 11,400. Siku za kuchelewa: 94.

"Shilingi elfu kumi na moja?" akaniuliza. "Mimi nimelipa mamilioni, nidaiwe elfu kumi na moja?"

Nikamuuliza, "Mwalimu, barua ya kumaliza mkopo walikupa?"

"Barua ya nini tena, si risiti ninayo."

Ile 11,400 ilikuwa ni riba ya zile siku chache kati ya siku aliyoambiwa salio na siku aliyolipa. Riba ya mkopo inahesabiwa kila siku, kwa hiyo salio la Jumatatu sio salio la Ijumaa, na pale tawini aliyempokea hela hakumwambia kuna kitu kimebaki wala hakuna aliyempigia simu baadaye. Makato kwenye mshahara yakasimamishwa kwa sababu mkopo umeonekana umelipwa, kale kasalio kakabaki hakana mlipaji, siku zikaanza kuhesabika, 30, 60, zikapita 90, na ukishapita siku 90 mkopo kibenki unaingia kwenye chechefu, yaani mikopo mibovu isiyolipwa. Mfumo hauulizi chechefu ya shilingi ngapi kabla ya kukuweka huko. Kwa hiyo mtu aliyeuza kiwanja chake ili alipe akawa anasomeka sawasawa na mtu aliyekimbia deni.

Hili ndilo linalonikera, na nalisema wazi, benki inayoweza kukutumia meseji tatu kukukumbusha rejesho inashindwaje kukutumia moja kukuambia kimebaki kielfu kumi? Na ukienda kulalamika unaambiwa ni mfumo. Mfumo nani ameuweka? Mwalimu alilipa ile 11,400 siku ileile, ila kulifuta lile neno la kuchelewa ilibidi aandike barua ya malalamiko, aambatishe risiti ya zamani na mpya, arudi na kurudi mpaka wakakubali kusahihisha. Haki ya kupinga taarifa isiyo sahihi ipo kwenye kanuni zetu, haikuwekwa kwa ajili ya matajiri, ila inataka mtu mwenye makaratasi.

Kwa hiyo ukimaliza mkopo, kabla hujatoka pale dirishani, uliza salio la kufunga la siku hii hii ya leo, lipa hilo, halafu omba barua ya kumaliza mkopo yenye tarehe, na kama kulikuwa na dhamana idai palepale, hati ya nyumba au kadi ya pikipiki, usikubali njoo wiki ijayo. Subiri mwezi mmoja au miwili, kwa sababu taarifa zinapelekwa kwa mizunguko na picha mpya haipigwi siku unayolipa, ndipo uombe ripoti yako uhakikishe imeandikwa umefungwa. Ukiona bado hai ndipo uanze kudai.

Tena angalia majina. Hapa pwani jina moja lina sura tano, kuna Ally na Ali, Athumani na Othman, Mwanaidi aliyeandikwa Mwanahidi kwenye kadi ya mpiga kura, mtu alikopa zamani kwa leseni ya udereva na sasa anatumia namba ya NIDA, na mjini kuna Juma Ally wengi kweli. Nimeona watu wana vipande vya historia vilivyotawanyika, mkopo mzuri aliolipa vizuri uko kwenye jina moja na uliosumbua uko kwenye jina jingine, siku vikiunganishwa namba inaruka juu au chini bila yeye kufanya lolote mwezi ule. Ukikopa, hakikisha anakuandika kama NIDA ilivyokuandika, herufi kwa herufi.

Halafu kuna hii ya simu, ambayo kwa vijana wengi ndiyo wanaiita skoa. Unafungua menyu ya M-Pawa au Timiza au Songesha, unaona kiwango unachoweza kukopa, mwezi jana laki na nusu, leo elfu arobaini. Hicho sio skoa ya ile ripoti ya benki, ni kiwango ambacho mtandao na benki mshirika wake wamekukisia, na kinaangalia sana jinsi unavyotumia simu yenyewe, hela inaingia kiasi gani, inatoka kiasi gani, vocha unanunua vipi, ulilipaje mikopo ya nyuma. Mchukue mvuvi wa pale Deep Sea. Kaskazi bahari imetulia, anauza samaki, miamala inapishana kwenye simu mchana kutwa. Kusi inaingia, bahari inachafuka, ngalawa zinakaa juu, hela haipiti. Huyu mtu analipa deni lake la simu kwa wakati kwa akiba aliyoiweka, na bado kiwango kinamshuka kwa sababu mfumo unaona simu imepoa. Haujui kusi. Akiona hivyo anadhani kulipa hakuna faida, anaanza kuzungusha hela bandia, anajitumia mwenyewe, anamtumia mkewe zinarudi, ada ya kutuma inakwenda. Mimi namwambia acha, bahari ikitulia kitarudi chenyewe, na hata kisiporudi, kiwango kidogo cha kukopa hakijawahi kumlaza mtu njaa, ila deni limewalaza wengi.

Na hapa ndipo nafika kwenye jambo ninaloliona ni la hatari kuliko yote. Kuna ushauri unasambaa kwamba skoa ikishuka ukope kidogo ulipe haraka, ukope kidogo ulipe haraka, mfumo utakuamini. Kwenye karatasi linaeleweka, historia ya kulipa inajengwa kwa kulipa. Ila mtu aliyetoka kwenye deni juzi, ambaye bado hana hata akiba ya mwezi mmoja, ukimrudisha kwenye kukopa kwa ajili ya namba umemrudisha alikotoka. Anaanzia kwenye simu, simu haimtoshi anaingia kwenye aplikesheni zile za kukopesha ndani ya dakika mbili, halafu anaishia kwa kausha damu wa mtaani anayeshika kadi ya benki na namba ya siri. Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, watu walishazoea kutumiwa meseji mpaka kwa shemeji na bosi kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Wale hawana leseni, kwa hiyo hata ukiwalipa kwa adabu zote huna sehemu rasmi ya kuonyesha umelipa. Umelipa riba kubwa, umedhalilishwa, na ripoti yako haijasogea hata nukta.

Pia tusisahau wale ambao namba haiwaoni kabisa. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma kwenye madaraja manne, SACCOS wako la tatu na vikundi vya kijamii kama vikoba wako la nne. Mama anayeuza nazi Mgandini amekuwa kwenye kikoba miaka mingi, anakopa, anarejesha, hajawahi kukosa siku ya kikao, lakini kwa kawaida marejesho hayo yanaishia kwenye daftari la katibu. Akienda benki anaonekana mtu asiye na historia, na kijana aliyekopa mara mbili kwenye simu akalipa anaonekana ana historia kumzidi. Kwa hiyo unapomwona mtu namba yake ni ndogo usimhukumu, kuna walipaji wazuri sana mji huu ambao hakuna kompyuta inayowafahamu.

Wenzetu Kenya walipitia haya kabla yetu na kwa ukali zaidi. Aprili 2020 Benki Kuu yao iliwazuia wakopeshaji wa mtandaoni wasiosimamiwa kupeleka majina ya watu kwenye kampuni za taarifa za mikopo, na ikaamua mkopo wa chini ya shilingi 1,000 za Kenya usimwingize mtu kwenye orodha mbaya. Hiyo ya kiwango cha chini naipenda sana na sioni kwa nini tusiwe nayo sisi, kwa sababu ingemwokoa mwalimu wangu wa Makorora. Ile 11,400 yake haikuwa dalili ya mtu mkorofi, ilikuwa dalili ya tawi lisilofunga hesabu zake.

Sasa mtu ataniuliza, nitajuaje kushuka kwangu ni kwa kawaida au ni kosa? Usiangalie namba, soma ripoti. Namba inakuambia kuna kitu kimesogea, ripoti ndiyo inakuambia ni kipi. Kama mikopo yote iliyofungwa imeandikwa imefungwa, hakuna siku za kuchelewa usizozijua, hakuna mkopo usioutambua, majina na NIDA viko sawa, basi kushuka kwako ni kwa hesabu, achana nako, endelea kulipa kilichobaki na kuweka akiba. Na kama hutegemei kuomba mkopo karibuni, hiyo namba kwa sasa haina kazi yoyote kwako. Ila ukikuta salio usilolijua, au siku za kuchelewa wakati ulikuwa unakatwa kwenye mshahara kila mwezi, chukua slipu zako za mshahara za miezi hiyo nenda nazo, kwa sababu mara nyingine mwajiri amekukata na hela haijafika kwa mkopeshaji kwa wakati, na hapo aliyechelewa si wewe ingawa jina lililoandikwa ni lako.

Walioweka dhamana nao waangalie. Hapa kwetu kumdhamini mtu ni heshima, mjomba kakuomba, shemeji kakuomba, unasaini. Mkopo aliokopa yeye ukichelewa unaweza kukufikia na wewe, wakati wewe upo unalipa wa kwako vizuri kabisa na unashangaa kwa nini benki inakuangalia vibaya. Kabla hujaanza kutafuta kosa kwenye mkopo wako, kumbuka uliwahi kusaini wapi.

Kwa mabenki na SACCOS za mkoa huu nina ombi moja na halina gharama kubwa. Ile meseji ya kukumbusha rejesho mnaituma kabla ya tarehe na mnaituma tena tarehe ikifika, mfumo upo, namba zetu mnazo. Ongezeni mbili. Moja siku mkopo unapofungwa, iseme salio sifuri, tarehe na namba ya kumbukumbu, na kama limebaki lolote iseme ni shilingi ngapi na mwisho wa kulipa lini. Ya pili iende siku taarifa ya kufungwa imeshapelekwa kwenye kanzidata. Anzeni na walimu, ndio wateja wenu wengi, na mishahara yao inapita kwenu kila mwezi.